Nishimwe Amekufa Tena

Usiku ule, mvua ilipoacha kupiga mabati, Umwiza alisikia mtoto akinyonya.

Si jambo la kushtua nyumbani penye mtoto mchanga, na yeye, nusu amelala, alijisogeza na kulegeza nguo kama mama yeyote afanyavyo bila kufumbua macho, mpaka mkono wake ukamkuta mtoto yuko upande wa ukutani, amefungwa kikwembe chake, kinywa kimefumbwa, usingizi mzito. Sauti haikukoma. Nyonya, meza, nyonya, meza, na katikati ile pumzi fupi ya puani ya mtoto mwenye pupa. Ilitoka juu ya kabati, pale mumewe alipoweka modemu ya wi-fi. Kila ilipomeza, taa ya kijani ilififia kidogo, kisha ikawaka zaidi.

"Viateur. Papa. Unasikia?"

"Nini?"

"Ile kitu iko inanyonya."

"Iko inatafuta rezo," Viateur akasema ndani ya mto. "Lala, mama."

Asubuhi titi lake la kushoto lilikuwa tupu, limelegea kama la bibi kizee, na mtoto hakuwa ameligusa.

Modemu ile ilikuwa ya mitumba. Ya kwanza iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, na nyumba yao ya mbao pale Majengo, Goma, haikuweza kukaa bila rezo, yaani mtandao, hata wiki moja, kwa sababu Viateur aliishi kwa masikio yake: ofisi moja ya mjini ilimtumia sauti za wakimbizi walioteremka barabara ya Rutshuru, naye aliziandika neno kwa neno, akazirudisha kwa njia hiyo, nao wakapata kula. Umwiza naye alikuwa na sababu yake. Mama yake alibaki Kalengera waasi walipochukua barabara, na kitu pekee kilichoweza kupita kutoka upande ule hadi huku ni ujumbe wa sauti, unaokuja ukipenda, asubuhi au baada ya siku nyingi. Basi Umwiza alipotoka maternite, hospitali ya wazazi, na mtoto mgongoni, alimkuta Viateur amepiga magoti mbele ya kabati, amenunua modemu sokoni Birere, anafurahi kama aliyezaa ni yeye.

Ilipowaka mara ya kwanza, simu ilionyesha jina la rezo: LUCIE.

"Lucie ni nani?" Umwiza akauliza.

"Mwenye nayo wa kwanza. Ngoja nimufute."

Akamfuta. Na modemu ikataka jina jipya, na Viateur, kichwa kimejaa mtoto, akaandika: NISHIMWE.

Umwiza alipoliona aliyafunika masikio ya mtoto kwa kiganja. Kwa watu wa kwao, watu wa Rutshuru, mtoto hatajwi jina kabla ya siku ya nane. Siku hiyo watoto wa jirani wanalishwa maharagi na maziwa, kila mmoja anamrushia mtoto jina lake la mchezo, wanacheka, halafu baba anatamka lile la kweli, na hapo ndipo mtoto anakuwa mtu mwenye mlango wake mwenyewe. Kabla ya hapo jina linakaa kinywani mwa baba na mama tu, wala halinong'onwi, maana kuna vitu vinavyopita vikiwa na masikio, na jina lisilo na mwenyewe ni la atakayeitika kwanza.

"Viateur, umelisema."

"Sikulisema. Niliandika tu."

"Siku ya nane haijafika!"

"Umwiza, weye umesoma mpaka diplome d'État. Hii ni plastiki."

Aliandika tu, ndiyo. Lakini parsele nzima ilisoma. Milango minne, kila mmoja na familia yake, ilikuwa ndani ya ukuta mmoja wa mawe ya volkano, na Viateur, mtu wa moyo mzuri, aliwapa wote namba ya siri. Kufika jioni jina ambalo bibi yake mtoto hakuwa amelisikia bado lilikuwa linarushwa uani kama mpira. Nishimwe eko wapi? Nishimwe leo ni muvivu. Na kwa kuwa modemu ile ilikuwa mbovu, ya kukatika kila saa bila sababu, watoto wakazoea kupiga kelele mbili, moja baada ya nyingine, mchana kutwa:

"Nishimwe amekufaaa!"

"Nishimwe amerudiii!"

Aliyewakemea kwanza ni Séraphine, jirani wa ukuta mmoja. "Nyie batoto, mukisema mutu amekufa mulipe kilio!" Lakini alisema huku anacheka, kwa sababu Séraphine alicheka kwa kila kitu, mwanamke mpana wa Masisi, mwenye kikwembe kinachofunguka kila wakati sasa kwa ajili ya tumbo. Tumbo hilo lilikuwa habari ya mtaa. Shemeji zake walimwita Jiwe miaka yote ya ndoa. Walimwambia Namegabe, mumewe, atafute mwanamke, asikae na ukuta. Na sasa Jiwe lilikuwa na mimba ya miezi minane.

Umwiza alimpenda kuliko dada. Mwaka uliopita, usiku wa volkano na siku zile za kukimbia zilizofuata, walitembea pamoja njia ya Sake katikati ya watu, magodoro na mbuzi, na njiani mimba ya kwanza ya Umwiza ikatoka. Hakuna aliyesimama. Séraphine alisimama. Alirarua kikwembe chake kipya, akamfunga yule aliyekuwa hajawa mtu, akamchimbia shimo kati ya mawe kwa mwiko wa bugali, kisha akambeba Umwiza mgongoni akimwambia, "Wee ni muzito kama deni la muhindi, lakini nitakufikisha." Huyu mtoto, basi, alikuwa wa pili. Hakukuwa na nafasi ya kumpoteza huyu.

Umeme ulikatika adhuhuri moja Umwiza akimwogesha mtoto katika beseni. Uani mtu akapiga kelele, "Nishimwe amekufaaa!" na mtoto akakakamaa mikononi mwake. Midomo ikawa rangi ya majivu. Umwiza alipiga yowe, Séraphine akaingia bila kubisha, akamshika mtoto miguu, akamgeuza, akampulizia puani, akampiga mgongo mdogo ule kwa kiganja, na hakuna, hakuna, maji yanachuruzika kutoka kwenye vidole vyake vidogo na hakuna, mpaka kule juu ya kabati kitu kikalia tii, taa ya kijani ikawaka, mtoto mmoja uani akaimba "Nishimwe amerudiii!" na huyu wa ndani akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa ziwani.

"Eh, mama," Séraphine akasema, jasho linamtoka. "Huyu anataka kutuua kwa moyo. Atakuwa askari."

Mara ya pili, jioni, Umwiza hakumtazama mtoto. Aliitazama taa. Taa ilizimika, akateremsha macho, na kifua cha mtoto kilikuwa kimesimama. Taa iliwaka, kifua kikapanda. Hapo akaelewa, na kuelewa huko hakukumsaidia kitu.

"Usiizime," akamwambia mumewe usiku. "Hata ikiwaka moto, usiizime."

"Basi nabadilisha jina."

Akabadilisha. Aliandika MAJENGO, akabonyeza, modemu ikapepesa taa, na kwenye simu likarudi: NISHIMWE. Akaandika tena. Likarudi. Mara ya mwisho lilirudi kabla hajamaliza kuandika, na pua zao zilijaa harufu ya maziwa yaliyochacha, na chini yake kiberiti, ile harufu ya volkano inayojulikana na kila mtu wa Goma.

Kesho yake ujumbe wa sauti ulipita kutoka Kalengera. Umwiza alikuwa amemtumia mama yake kilio cha mtoto, dakika moja, ili bibi asikie mjukuu. Mama alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza huku askari wako nje ya dirisha: "Mwana wangu, nimesikia, Mungu asifiwe. Sasa niambie. Huyo mutoto mwingine anayelia pembeni ya wako, ni wa nani?"

Siku ya nane ilifika, wakafanya sherehe, kwa sababu hawakujua la kufanya isipokuwa lile linalofanywa. Watoto wa parsele walikaa kwenye mkeka, wakala maharagi kwa mikono, wakamwita mtoto Sambaza kama dagaa wa ziwani, wakamwita Rais, wakamwita Chukudu kama baiskeli ya mbao, Séraphine akicheka mpaka analishika tumbo. Halafu Viateur akamchukua mwanawe, akamwinua, akatamka: "Jina lako ni Nishimwe."

Na kutoka chumbani, ndani, pasipokuwa na mtu, sauti nyembamba ya mtoto aliyelelewa vizuri ikaitika kama wanavyoitika watoto wa kwao wakiitwa na mkubwa:

"Karame."

Watoto walicheka, wakidhani ni mmoja wao. Umwiza alimtazama mwanawe mikononi mwa baba yake. Macho yalikuwa wazi, hayatazami kitu, kama ya samaki wa sokoni, na alipomwita jina lake, polepole, sikioni, mtoto hakugeuka. Aliyeitika alikuwa mwingine. Huyu alikuwa hana jina tena.

Wakaenda Birere wote wawili, mtoto mgongoni, modemu imebaki nyumbani inawaka, Séraphine ameketi mbele yake kama mlinzi bila kuuliza sana. Muuzaji, kijana wa miwani myeusi aliyeitwa Prodige, aliwapangia modemu mezani kama mwenye kuuza viatu.

"Mama, hii ya antena mbili ni ya bibi arusi, nzuri kwa macho tu. Hii ya antena nne inafika mpaka Gisenyi, nchi ingine, utalipishwa forodha! Hii inakula kadi ya simu, ukihama unahama nayo. Na hii ndogo, mbaya wa sura, iko na betri yake ndani. Umeme ukikatika, yenyewe haijui."

"Ipi haifi?" Umwiza akauliza.

Prodige akacheka. "Mama, hata baba yangu alikufa."

"Nakuuliza! Ipi haifi, ipi haikatiki, umeme ukienda inakaa saa ngapi, ikishikwa na mvua inafanya nini, sema, sema!"

Kijana akavua miwani. Akamtazama Viateur, akamkumbuka, kisha macho yake yakaenda kwa mtoto mgongoni, na uso ukamshuka.

"Muko na mutoto," akasema. "Yesu wangu. Muko na mutoto mudogo."

"Ile ya kwanza ilitoka wapi?" Viateur akauliza.

"Kwa mama moja wa Buhene. Aliniletea mwenyewe volkano ilipokwisha. Akanikatalia pesa. Akasema, uza kwa mutu yeyote, lakini si mwenye mutoto. Mie nikasahau. Ni vitu mingi, papa, ninasahau."

"Na Lucie?"

"Binti yake." Prodige alipangusa meza iliyokuwa safi. "Lava haikufika kwa nyumba yao, munajua. Ilipita pembeni. Usiku ule ni umeme tu ulikatika, na mutoto naye."

Wakachukua ile mbaya ya betri. Nyumbani Viateur aliiwasha, akaipa jina MLANGO WA TATU, mlango wao pale uani, na zote mbili zikawa zinawaka kabatini bega kwa bega. Umwiza akaweka sikio lake kinywani mwa mtoto. "Sasa," akasema, na Viateur akachomoa waya wa ile ya zamani, taa ikafa, na Umwiza akangoja, akangoja, na pumzi ya moto, ndogo, ikamgusa shavu. Na nyingine. Na nyingine.

Séraphine alicheza pale pale, mikono juu, tumbo mbele.

Umwiza mwenyewe aliibeba modemu ya zamani hadi kwenye uwanja wa lava kavu, akaiweka juu ya jiwe, akaiponda kwa jiwe jingine. Plastiki ilipasuka. Ndani, kwenye vile vyuma vidogo, palikuwa pamelowa, na si maji: maziwa meupe, ya uvuguvugu, yalitiririka kwenye mawe meusi, na titi lake la kushoto likauma kwa kujua ni yake. Akaponda mpaka hakikubaki kitu cha ukubwa wa ukucha.

Kwa siku chache mtoto alinyonya, akalia, akanenepa. Lakini akiitwa bado hakugeuka.

Halafu, asubuhi, bunduki kubwa zikaanza kulia upande wa Kibumba, na nyaya za umeme zikakatwa huko porini, na mji mzima ukazimika. Betri ya modemu mpya haikujua, kama alivyoahidi kijana. Mtoto alilala vizuri. Umwiza alikuwa ameanza hata kutwanga sombe, majani ya muhogo, pale sauti ya uani ilipopanda, ya furaha, sauti ya mtoto aliyeona rafiki:

"Nishimwe amerudiii!"

Aliudondosha mchi. Alichukua simu. MLANGO WA TATU haikuwepo. Lilikuwepo jina moja tu, NISHIMWE, lenye nguvu zote, na kutoka juu ya kabati, katika mchana mweupe, modemu mpya ilikuwa inanyonya. Taa yake ya betri, iliyokuwa kijani, ilikuwa imekwisha kugeuka njano.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa sauti, kutoka namba ya mama yake. Akaufungua. Haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa ndogo, ya adabu, imelowa maziwa.

"Mama. Niite tena."

Viateur akanyakua betri ya gari ya jirani, akakimbia nayo kutafuta mwenye jenereta, apate cha kuilisha modemu. Umwiza akamwachia Séraphine mtoto na kukimbia hadi mtaa wa Mapendo, peku, kilemba kimeanguka njiani, akipita watu waliokwisha kufunga magodoro tena kama mwaka wa volkano, kwa mama Katungu. Kila mtu alimjua Katungu, Mnande wa Butembo, mwenye rozari shingoni na midomo isiyo na huruma, ambaye padri alimkataza kufukuza pepo na bado masista walimtumia watu kwa mlango wa nyuma. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza bila kuinua kichwa, na Umwiza alisema kila kitu kwa pumzi moja, Lucie na maziwa na siku ya nane na karame.

"Ninyi watu wa Rutshuru," Katungu akasema, "munaficha jina kama nyama. Kitu kinachofichwa ndicho kinanukia. Kwetu mutoto anazaliwa jina linamungoja, ni zamu yake tu kati ya ndugu zake. Nani ataiba zamu?" Akatupa kijiwe. "Ulivunja sanduku. Vizuri. Lakini lile pepo halikai ndani ya sanduku. Linakaa ndani ya jina. Utaleta modemu ya Amerika, litaingia."

"Basi nimupe mutoto jina lingine!"

"La pili halishiki. Lile la kwanza litamuvuta mpaka aishe."

"Mama, liondoe. Nakuomba. Liondoe."

"Halitoki bila kula. Likiwa na jina jingine, tamu zaidi, litaliacha hili." Sasa akainua macho. "Jina ambalo halijaitwa bado. La mutoto anayengojewa. Lazima litoke kwa kinywa cha mama yake, kwa kupenda kwake, sikio lako lilisikie, na uliandike mule ndani mate yake hayajakauka."

Umwiza alikuwa amekwisha kuliona mbele yake tumbo la Séraphine.

"Hapana," akasema. "Huyo alinibeba. Hapana."

"Sikukutajia mutu," Katungu akasema, akarudi kwenye mchele. "Unataka mutoto apone, ama unataka ulale vizuri? Hivyo viwili haviji pamoja. Na usinipe kitu, sitaki kitu chako. Toka kwangu."

Jua lilikuwa linaanguka nyuma ya mawe ya ukuta aliporudi. Viateur alikuwa hajarudi. Ndani, Séraphine ameketi kitandani na mtoto mapajani, hakuwa anacheka, na taa ya betri ilikuwa nyekundu, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na kifua cha mtoto kilifuata, kikipanda inapowaka, kikisimama inapozima, na kila kusimama kulikuwa kurefu kuliko kule kwa nyuma, mpaka midomo ikawa ya majivu na kucha zikawa za majivu, na ile harufu ya maziwa na kiberiti ilijaa chumba hata macho yakauma.

"Umwiza, dada," Séraphine akanong'ona. "Pumzi yake inapungua. Nimemuombea mpaka nimemaliza maombi ninayoyajua. Kaa hapa. Kaa karibu na mie."

Akakaa. Akamchukua mwanawe, akamfunika kwa kikwembe pamoja na mkono wake, na katika mkono huo ilikuwepo simu. Viateur alimfundisha zamani namna ya kuingia katika ukurasa wa modemu. Kidole chake kilijua njia bila macho. Nafasi ya jina ilikuwa tupu, mstari mdogo unapepesa. Alifungua kinywa ili aulize. Maneno alikuwa ameyapanga njia yote kutoka Mapendo: niambie kitu kizuri, dada, nisife kwa hofu, niambie utamwita nani. Ulimi ukakataa.

Hakuhitaji kuuliza.

"Nakuona, unakufa kabla yake," Séraphine akasema. "Acha nikupe kitu cha kushika." Akautwaa mkono wa Umwiza uliokuwa huru, akauweka juu ya tumbo lake, na mtoto wa mule ndani akasukuma, mwenye afya, kisigino chote. "Namegabe mwenyewe hajui. Shemeji zangu ndio kabisa. Miaka yote wananiita Jiwe, mie nilikuwa nimeshachagua jina lake, nalitunza hapa. Nakupa weye maana weye ndiye unajua kuzika mutoto. Ntirenganya. Unasikia? Mungu haonei mutu. Waliniambia amenionea, na kumbe hakunionea, alinichelewesha tu. Ntirenganya wangu."

Alicheka kidogo, aibu ikimjaa, mate yakimeta mdomoni.

Taa nyekundu ikazima. Umwiza akangoja iwake. Haikuwaka. Chini ya kikwembe, juu ya mkono wake, mwanawe alikuwa mzito na kimya kama yule wa njia ya Sake, uzito ule ule, aliukumbuka, na kidole chake kikaanza kuandika, herufi kwa herufi, huku macho yake yakimtazama Séraphine usoni na kumtabasamia, na kikafika mwisho, na kikabonyeza.

Tii.

Kabatini taa iliwaka kijani, bila umeme, bila betri, kijani ya majani baada ya mvua. Mtoto chini ya kikwembe alipiga kelele kali, ya hasira, ya mtoto mwenye njaa. "Nishimwe," Umwiza akasema, na mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akageuza kichwa, akamtazama.

"Asante Yesu!" Séraphine akalia. "Eko! Umeona? Nilikuambia kitu cha kushika!" Kisha akakunja uso, akashika ubavu. Ule mkono wa Umwiza ulikuwa bado juu ya tumbo, nao ukahisi kisigino kikipiga mara moja, kwa nguvu ya mtu anayegonga mlango, kikaacha. Katikati ya kelele za Nishimwe, juu ya kabati, sauti nyembamba ya adabu ikaitika, na Séraphine hakuisikia, kwa maana alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Ameshtuka na kelele za ndugu yake," akasema, akijipapasa. "Amelala sasa. Umwiza, weye, sikia. Lile neno nimekupa, ni la weye peke yako. Hata Viateur hapana. Mpaka siku ya nane. Niapie."

Uani mtoto mmoja alikuwa amekwisha kupiga kelele: "Rezo imerudiii! Lakini iko na jina ingine, kujeni muone!"

"Niapie, dada."

Umwiza aliizima simu chini ya kikwembe, akampa Nishimwe titi.

"Naapa," akasema. "Sitamwambia mutu mwingine tena."